Jahazi kwenye eneokazi: kutengeneza wolpepa safi kwa GIMP

Juu ya wolpepa, yaani picha ya nyuma ya skrini ya kompyuta, hukaa aikoni, madirisha ya programu na upau wa kazi. Mwenye kompyuta huiona siku nzima bila kuitazama. Hivyo picha inayovutia kwenye simu, yenye rangi kali na vitu vingi, huanza kuchosha ndani ya siku mbili ikiwekwa kwenye eneokazi (desktop), na majina ya aikoni hayasomeki. Kuhariri wolpepa kwa sehemu kubwa ni kuituliza picha, kisha kuipa ukubwa uleule wa skrini ili kompyuta isiikuze wala kuipunguza yenyewe.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho: jahazi lililopigwa picha kwa simu kutoka ufukweni, jua likikaribia kuzama. Picha ina pikseli, yaani vitone vinavyoiunda, 4000 kwa 3000. Upeo wa bahari umeinama kidogo, tanga limeng'aa, sehemu ya chini ya jahazi ni giza, na mchangani kuna chupa ya plastiki. Skrini inayokusudiwa ni ya pikseli 1920 kwa 1080.

Programu ni GIMP, ambayo ni huria na ya bure. Ilianzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ipakue kwenye tovuti yake, gimp.org, au kwenye duka la programu la mfumo wako. Usiifuate kwenye tovuti za kupakua programu za kila namna, kwani nyingi huambatanisha vitu usivyovihitaji. Toleo 3.0 lilitoka Machi 2025, na faida yake kubwa kwa kazi hii ni kwamba marekebisho mengi hubaki yameshikizwa kwenye safu (layer, kama karatasi za picha zilizopangwa moja juu ya nyingine), hivyo unaweza kuyafungua tena kesho na kubadilisha namba. Mwenye 2.10 asihangaike: hatua ni zilezile, ila anakili safu kwanza kwa Ctrl+Shift+D na kufanya kazi kwenye nakala, kwa sababu huko badiliko likishakubaliwa linaingia moja kwa moja kwenye picha. Majina ya menyu yameachwa hapa kama yanavyoonekana kwenye programu.

Kabla ya kufungua picha

Jua kwanza ukubwa wa skrini. Kwenye Windows bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu pa eneokazi, chagua «Display settings», halafu tazama «Display resolution». Kompyuta mpakato nyingi za bei nafuu ni 1366 kwa 768, nyingine 1920 kwa 1080, na baadhi ni 1920 kwa 1200, ambazo ni ndefu kidogo kwenda juu. Asilimia 125 au 150 iliyoandikwa karibu na hapo ni ukubwa wa maandishi, aikoni na programu tu. Haibadilishi idadi ya pikseli unazohitaji.

Pili, pata picha ya asili. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kabla ya kuanza. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, mara nyingi upande mrefu ukabaki na pikseli 1600 hivi, halafu hubanwa sana. Anga la machweo hutoka na vijisanduku, na kamba za jahazi hupata ukungu pembeni. Hakuna kichujio (filter) cha GIMP kitakachorudisha kilichotupwa. Hamisha kwa waya wa USB, au kwa Google Drive, au tuma kwa WhatsApp kama hati badala ya picha. Ukifungua faili ukakuta upana uko chini ya upana wa skrini yako, tafuta nyingine. Kukuza pikseli 1600 ziwe 1920 kunaongeza ukubwa bila kuongeza maelezo hata kidogo.

Tatu, zima «Night light» au programu yoyote inayoifanya skrini kuwa ya manjano usiku, na weka mwangaza wa skrini katikati. Anayehariri huku taa hiyo imewashwa ataongeza buluu ili kuisawazisha, na asubuhi ataliona jahazi lake limekuwa la samawati. Skrini za bei nafuu zina shida nyingine: ukiinamisha kioo nyuzi chache tu, vivuli hubadilika. Kaa sawa mbele yake na usikisogeze kioo mpaka umalize.

Kunyoosha na kukata

Unapofungua picha, GIMP inaweza kuuliza kama ibadilishe rangi zake ziwe sRGB, wigo wa rangi wa kawaida wa skrini. Hutokea hasa kwa picha za iPhone, zinazotumia wigo mpana zaidi uitwao Display P3. Kwa wolpepa kubali ubadilishaji, maana eneokazi halitafsiri wigo huo ipasavyo nyakati zote, na rangi hutoka zimefifia.

Kisha nenda «Image → Precision» uchague biti 16. Picha ya JPEG ina biti 8 tu, yaani ngazi 256 kwa kila rangi, na hatua hii haiongezi ngazi mpya. Inachofanya ni kuzuia zilizopo zisipotee kila unapovuta mwangaza huku na kule. Anga lisilo na mawingu ndilo huumia kwanza: ngazi zikipungua, unaona michirizi mipana badala ya rangi inayofifia taratibu. Gharama yake ni kumbukumbu ya kompyuta. Safu moja ya picha yetu kwa biti 16, pamoja na uwazi wake, hula megabaiti 96 hivi. Kwa biti 32 hula 192. Kwenye mashine yenye gigabaiti 4 za RAM, na kivinjari kimefunguliwa pembeni, biti 16 zinatosha kabisa.

Sasa upeo wa bahari. Chukua zana ya kupimia kwa Shift+M, buruta mstari kutoka upande mmoja wa upeo hadi mwingine, mrefu kadiri inavyowezekana, kisha bofya «Straighten» kwenye chaguo za zana. Tumia mstari ambapo bahari inakutana na anga, na si ukingo wa ufuko, kwa sababu ufuko unaokwenda mbali na kamera huonekana umeinama hata kama kamera ilishikwa sawa. Mlingoti pia usiutumie. Mlingoti wa jahazi huinamia mbele kwa ufundi wa mafundi wenyewe, na ukiunyoosha wima utaimwaga bahari yote upande mmoja.

Kukata ndiko kunakoamua kama picha itafaa. Bonyeza Shift+C, weka tiki kwenye «Fixed», chagua «Aspect ratio», na uandike 1920:1080. Mwenye skrini ya 1366 aandike 1366:768 vilevile ilivyo, kwani namba hizo hazilingani kikamilifu na 16:9 na pikseli moja inaweza kubaki nje. Picha yetu ya 4000 kwa 3000 itabaki 4000 kwa 2250. Mistari 750 lazima iondoke, ama juu, ama chini, ama ugawanye.

Fikiria vitu vitakavyokaa juu yake. Windows hupanga aikoni kuanzia kushoto, macOS huzipanga kulia, na Ubuntu huweka upau wake wa programu (Dock) kushoto. Upau wa kazi wa Windows 11 hufunika pikseli 48 za chini kwenye skrini isiyokuzwa. Kwa hiyo jahazi liende theluthi ya kulia, mbali na ukingo, na tumbo lake lisikae chini kabisa. Kama linasafiri kuelekea kushoto una bahati, kwa maana nafasi tupu iliyo mbele yake ndiyo hasa mahali pa aikoni. Kama linaelekea kulia, kuna kishawishi cha kuigeuza picha kwa «Image → Transform → Flip Horizontally». Inafaa ikiwa kuna maji na anga tu. Ikiwa ubavuni kuna jina la jahazi, au nyuma kuna jengo linalofahamika, acha. Maandishi yatasomeka kinyume, na mtu yeyote wa Unguja ataona mara moja kuwa Forodhani imegeuzwa.

Wolpepa moja maarufu kuliko zote, kile kilima cha kijani cha Windows XP, ilipigwa na Charles O'Rear huko California mwaka 1996, kwa filamu. Itazame tena kwa jicho la kazi: nyasi, anga, mawingu, na karibu hakuna kitu kingine. Aikoni zilipata pa kukaa.

Mwanga

Fungua «Colors → Levels». Mlima unaouona ni histogramu: kushoto giza, kulia mwanga. Ikiwa mlima unaanza mbali na ukingo wa kushoto, picha ina ukungu wa hewa ya bahari. Sogeza pembetatu nyeusi mpaka pale mlima unapoanzia, na ukungu utapungua papo hapo. Upande wa kulia nenda polepole. Tanga jeupe linalopigwa na jua huwa limeshagonga mwisho, na ukivuta pembetatu nyeupe kuelekea ndani unazidi kulifuta. Sehemu ambayo rangi zote tatu zimefika 255 haina tena mishono wala mikunjo ya kitambaa, na hakuna namna ya kuirudisha. Sehemu iliyobaki na chembe za maelezo inaokolewa hatua inayofuata.

Hatua hiyo ni «Colors → Shadows-Highlights». Weka «Highlights» karibu na -30 na «Shadows» karibu na 20. Tanga litatulia, na mbao zilizokuwa giza zitaanza kuonekana. Ukipita hapo sana, utaona utando mweupe unaozunguka jahazi angani na utando mweusi unaozunguka tanga, kwa kuwa kichujio hiki hupima mwanga wa eneo zima kabla ya kubadilisha kila pikseli. Picha nyingi mtandaoni zina utando huo, na ukishaujua hutaacha kuuona. Dawa ni kupunguza namba.

Baada ya hapo rudi «Levels» kwa jambo ambalo wahariri wa picha za kawaida hawalifanyi. Chini ya histogramu kuna «Output Levels» yenye namba 0 na 100, kwa kuwa tuko kwenye biti 16 (kwa biti 8 huwa 0 na 255). Shusha 100 iwe 92 hivi (au 255 iwe 235). Picha itaonekana imefifia kidogo ndani ya GIMP, lakini kwenye eneokazi, ukiwa chumbani usiku, haitakuchoma macho, na majina meupe ya aikoni yatasomeka hata juu ya wingu. Pembetatu ya katikati nayo iweke kati ya 0.85 na 0.95. Chini ya 1 picha inakuwa na giza zaidi, juu ya 1 inang'aa.

Rangi

Kama picha nzima imeegemea buluu au manjano isivyotakiwa, «Levels» ina kitone cha kuchagua rangi ya kijivu: unabofya kitu ambacho kwa kweli ni kijivu au cheupe, na GIMP inasawazisha vingine. Hufanya kazi vizuri kwa picha ya saa sita mchana. Kwa machweo ni mtego. Tanga linaonekana la dhahabu kwa sababu jua ni la dhahabu, na ukibofya hapo GIMP italifanya jeupe na jioni yote itaondoka nalo. Kwa picha yetu tumia «Colors → Color Temperature», sogeza kidogo, tazama, na uache mapema.

«Colors → Saturation» huanzia 1. Ukifika 1.15 umeshafanya vya kutosha. Bahari ya pwani yetu ina kijani na buluu zake za asili, na zikizidishwa hufanana na sabuni ya maji. Dalili ya kwanza kuwa umezidisha ni kwamba rangi ya chungwa karibu na jua inakuwa doa moja tambarare lisilo na mpito.

Kusafisha

Chupa mchangani iondoe kwa zana ya Heal (herufi H). Shika Ctrl, bofya mchanga safi ulio karibu na wenye mwanga unaofanana, achia, halafu paka juu ya chupa kwa brashi iliyo kubwa kidogo kuliko chupa. Kivuli chake usikisahau. Mchanga uliosafishwa huku kivuli cha chupa kimebaki ni kichekesho. Madoa madogo ya kijivu angani, yanayotokana na vumbi kwenye lenzi au kihisi, huondoka kwa njia hiyohiyo.

Heal ina tabia ya kuchanganya rangi za jirani. Karibu na ukingo wa tanga, au mahali kamba inapokatiza anga, itavuta giza la kamba hadi kwenye buluu na kuacha wingu chafu. Hapo badilisha utumie Clone (herufi C), ambayo inanakili tu bila kuchanganya.

Kupunguza ukubwa kwanza, chenga na ukali baadaye

Mpangilio huu wengi huugeuza. Simu ikipiga jioni huacha chenga, yaani vipunje vya rangi vinavyocheza kwenye vivuli na anga, na mtu akiviona kwa ukubwa kamili hukimbilia kuviondoa. Ngoja. Kutoka pikseli 4000 hadi 1920, kila pikseli mpya inatokana na pikseli zaidi ya nne za zamani, na chenga, kwa kuwa zimetawanyika ovyo, hupungua karibu nusu kwa hesabu hiyo tu. Ukiziondoa mapema unafuta pia nyuzi za tanga na mawimbi madogo bila sababu.

Nenda «Image → Scale Image», andika 1920 na 1080, na kwenye «Interpolation» chagua NoHalo. Kama GIMP inakuandikia 1079 au 1081 kwenye urefu, fungua mnyororo ulio kati ya namba mbili na uandike 1080 mwenyewe, kwani tofauti ya pikseli moja haionekani. Namba za pikseli kwa inchi, 72 au 300, achana nazo. Ni za uchapishaji.

Sasa bonyeza namba 1 kwenye kibodi ili uone picha kwa asilimia 100, na uamue. Ikiwa bado kuna chenga zinazosumbua, «Filters → Enhance → Noise Reduction» kwa nguvu ya 1 au 2. Nguvu 4, ambayo GIMP huanza nayo, mara nyingi hufanya mbao zionekane za plastiki.

Kupunguza ukubwa hulegeza kingo, hivyo ukali huongezwa mwishoni. Menyu ni hiyohiyo ya «Enhance», kichujio kinachoanza na neno «Sharpen». Weka «Radius» 0.8, «Amount» 0.4, na «Threshold» 0.02 ili anga liachwe salama. Tazama ukingo wa tanga: ukiona mstari mweupe mwembamba unaolizunguka, punguza «Amount». Kwa namba ambazo kichujio huanza nazo, «Radius» ya 3, mstari huo hutokea karibu kila mara kwenye picha ya ukubwa huu.

Bado kuna aikoni za kushoto. Kama mawingu ya upande huo yana vurugu, tengeneza safu mpya tupu, chukua zana ya Gradient (G), rangi nyeusi inayoishia kwenye uwazi, buruta kutoka ukingo wa kushoto hadi theluthi ya picha, kisha shusha «Opacity» ya safu hadi 25 au 30. Macho hayatambui kuwa kuna kivuli, lakini majina ya mafaili yatasomeka. Zikijitokeza alama za michirizi kwenye mpito huo, tia chenga kidogo sana kwa makusudi, «Filters → Noise → RGB Noise» kwa 0.01. Vipunje hivyo huvunja ngazi, na kwa umbali wa kukaa havionekani.

Kutoa faili na kuiweka

Hifadhi kwanza kwa Ctrl+S. Faili ya XCF, ambayo ni aina ya GIMP yenyewe, inabaki na safu zote. Halafu rudi «Image → Precision», chagua biti 8, na kwenye dirisha litakalofunguka chagua aina ya «Dithering», yaani vipunje vinavyoficha michirizi, badala ya kuiacha bila kitu. Ukisahau, PNG itatoka na biti 16, nzito bila faida.

Toa faili ya mwisho (Export) kwa Ctrl+Shift+E. PNG haipotezi chochote, na kwa picha ya 1920 kwa 1080 megabaiti chache si tatizo. Ukitaka JPEG, weka ubora 92 au zaidi na «Subsampling» ya 4:4:4, la sivyo ukingo wa tanga jekundu au bendera utamwaga rangi. Kama utawagawia wengine, ondoa tiki kwenye data za Exif, kwani picha ya simu mara nyingi hubeba mahali hasa ilipopigwa.

Kwenye Windows, nenda «Personalization → Background», na mara ya kwanza chagua «Center» badala ya «Fill». Ni kipimo kizuri: ikiwa ukubwa ni sahihi, picha itajaa skrini bila ukanda wowote pembeni. Ukiona ukanda, au picha imekatwa, namba zako si za skrini hiyo. Usiiweke picha moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Nakili kwanza kwenye folda ya picha.

Ikiwa faili ni safi ndani ya GIMP lakini anga linatoka na vijisanduku kwenye eneokazi, Windows ndiyo iliyoibana. Mfumo huo huibana upya JPEG ya wolpepa kwa ubora wa 85 hivi. Jaribu PNG kwanza. Ukitaka kubaki na JPEG, fungua Registry Editor, programu ya Windows ya kubadilisha mipangilio ya ndani, nenda HKEY_CURRENT_USER\Control Panel\Desktop, ongeza thamani ya DWORD iitwayo JPEGImportQuality, iandike 100 kwa desimali, toka kwenye akaunti uingie tena, kisha uiweke picha upya. Angalia kuwa umechagua desimali: 100 ya heksadesimali ni 256, na ubora hauendi huko.

Wenye skrini mbili za 1920 zilizopangwa sambamba wakate kwa 3840:1080 na wachague «Span», inayotandaza picha moja kwenye skrini zote. Picha ya simu yenye upana wa 4000 inatosha kwa shida, kwani itakuwa haipunguzwi karibu kabisa, hivyo chenga zote zitabaki na kichujio cha kuziondoa kitahitajika kweli. Jahazi lisiangukie katikati, pale fremu mbili zinapokutana.